Bitana ya Antoni

Majora ya kitenge cha Antoni yalikaa rafu ya juu kabisa katika duka la Ndeshi, na kila aliyeingia kununua uzi au zipu aliyaona yenyewe kabla ya kumwona mwenye duka. Ndeshi alishajaribu kuyaficha. Aliyafunika kwa pazia, pazia likapata mnunuzi. Akayapanga nyuma ya mashuka ya Kimasai, mashuka yakaisha. Chochote kilichotangulizwa mbele ya Antoni kiliondoka, na Antoni akabaki palepale na kipara chake, akimtazama.

Alifikaje pale? Mwaka 2000 akina mama wa kikundi cha Mtakatifu Yosefu, Wakatoliki wa Karatu na vijiji vya jirani mpaka Mbulumbulu, walitaka kushona sare kwa ajili ya sikukuu ya msimamizi wao, tarehe mosi Mei. Mwaka ule ulikuwa wa Jubilei na Askofu mwenyewe angekuja. Kazi ya kuleta kitenge wakampa Ndeshi, na hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika. Ndeshi hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mlutheri wa Machame. Wala hakuwa mwenyeji. Alikuja na mumewe Sebastian kufungua duka kwenye barabara kuu zamani zile magari ya watalii yalipokuwa ya kuhesabika. Lakini Lukresia, mwenyekiti wa kikundi, mkulima wa ngano aliyezaliwa na kuzeekea Mbulumbulu, alisimama mbele ya wenzake akasema kwamba Mama Angel, kama walivyomwita Ndeshi kwa jina la mwanawe, ni wetu, na mtu wetu hatatuangusha.

Walimweleza vizuri. Kitambaa kiwe na picha ya mwanamume amembeba Mtoto Yesu, na mkono wa pili ameshika yungiyungi jeupe. Ndeshi akayabeba maneno hayo kama yalivyo hadi Arusha, akayatua kama yalivyo mbele ya muuzaji wa jumla. Yule bwana akapanda ngazi, akashusha jora: mwanamume yupo, mtoto yupo, ua lipo. Mkatoliki yeyote, hata mtoto anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza, angeona kwamba mwanamume huyo hana ndevu, amevaa joho la kahawia lililofungwa kamba kiunoni, na utosini amenyolewa akaachiwa duara la nywele. Ndeshi aliona mwanamume, mtoto na ua. Katika kanisa alilokulia watakatifu hawakuchorwa ukutani, na somo la kumtambua huyu na yule hakuwahi kulipata.

Masika yakaharibu barabara, marobota yakachelewa, yakafunguliwa sikukuu ikiwa mlangoni. Lukresia alikunjua kitambaa, akakitazama. Halafu akasema taratibu kwamba huyu siye Yosefu. Huyu ni Antoni wa Padua.

Kama Ndeshi angeomba radhi palepale, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa amechoka, tena ameona aibu, na Ndeshi akiona aibu hucheka. Ndivyo alivyoumbwa.

"Si mwanamume? Si amebeba mtoto?" akasema. "Vaeni tu, Mungu ataelewa."

Hakuna aliyecheka naye. Siku ya sikukuu vikundi vingine viliingia kanisani kwa sare zao, na kikundi cha Mtakatifu Yosefu kikaingia nyuma yao, huyu na gauni la zambarau, yule na khanga, mwingine na koti la mumewe, mbele ya Askofu. Ndeshi alirudisha michango yote bila kubishana. Hawakumtukana wala hawakumtangaza vibaya. Walianza tu kumsalimia kutoka barabarani. "Habari za asubuhi, Mama Angel." Nzuri. Wakapita, wakaenda kununua uzi kwingine.

Asiyejua atasema ni hasara ya biashara. Biashara ingeweza kwenda na wateja wengine, maana mji ulikuwa unajaa watu. Kilichomuuma Ndeshi ni stuli. Pembeni ya kaunta palikuwa na stuli ya mbao ambayo Lukresia aliikalia kila siku ya mnada, mizigo miguuni, chai mkononi, wakisemana na kuchekana mpaka jua lipoe. Na kabla ya stuli kulikuwa na msiba. Sebastian alipofariki, ndugu wa Machame walikwama njiani kwa matope. Waliolala na mjane sakafuni, wakampikia uji na kumshika mikono mpaka ndugu walipofika, walikuwa wanawake hawahawa. Mtu akishalala nawe sakafuni siku ya namna hiyo, kukusalimia kutoka barabarani ni kukupa kisogo. Ndeshi alitaka kitu kimoja tu: Lukresia aingie, aketi. Mengine yote aliyaona madogo.

Sasa, barazani kwa duka hilo alikuwepo fundi. Anaitwa Selestina, mtu wa Endabash, mwembamba, mrefu, mwenye maringo aliyoyastahili. Cherehani chake kilikuwa kikuukuu lakini yeye alikiketia kama mtu anayeendesha gari jipya. Mteja akilalamika kwamba gauni linabana, Selestina alilitazama gauni, akamtazama mteja, akatoa hukumu kwamba gauni halina kosa. Watu walikasirika, wakaondoka, wakarudi, kwa sababu nguo ya Selestina ilikaa mwilini kana kwamba ilizaliwa na mwenyewe.

Alikuwa na tabia moja iliyomchosha Ndeshi. Hakutupa kitu. Ncha za mashuka, vipande vya gabadini ya khaki vilivyobaki kwenye kaptula za shule, mapazia yaliyoungua kidogo kwa pasi, vyote vilikwenda kwenye magunia yake nyuma ya mlango, na magunia yalikuwa yameanza kudai chumba chao. Kisha mumewe Adrian, aliyekuwa mpishi katika kambi ya watalii huko juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, akaleta maturubai. Kambi ilikuwa imebadilisha mahema na yale ya zamani yalikuwa yanasubiri moto. Ndeshi akauliza kama sasa duka limekuwa jalala. Selestina akamjibu kwamba jalala ni mahali pa vitu ambavyo mtu ameshindwa kuvifikiria.

Tatizo la Antoni walishalizungumza mara nyingi. Ndeshi alipendekeza foronya. Selestina akasema mtu hawezi kumlalia mtakatifu na mate yake. Akapendekeza aproni, Selestina akauliza kama mtakatifu ni dasta. Sketi hata haikufika kwenye mazungumzo. Kila Mkatoliki wa Karatu alijua, na fundi alijua zaidi, kwamba uso wa mtakatifu hupangwa kifuani, haukatwi na mkasi, haukaliwi, hauegemewi. Fundi aliyewahi kukosea akamweka mtakatifu kwenye makalio ya mteja alilazimika kufumua gauni zima, na jina la kosa lile likamfuata mpaka alipohama mji. Hivyo kitambaa kile kilikuwa mali isiyo na matumizi: Wakatoliki hawakumtaka kwa kuwa si Yosefu, na wengine hawakumtaka kwa kuwa ni mtakatifu.

Asubuhi moja ya Julai, mwaka uliofuata, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Ngorongoro ukalala juu ya barabara, magari yakapita yamewasha taa. Selestina aliingia dukani akipuliza vidole, akapanda kiti, akashusha jora moja la Antoni. Akalikunjua juu ya kaunta. Sakafuni alikataa, hata hapo. Ndeshi alikuwa ameshika kikombe chake cha chai, akamwona akitembeza kiganja kutoka picha hii hadi ile, kutoka ile hadi nyingine, midomo ikimchezacheza.

Kisha akasema kwamba tangu mwaka jana wote wamekuwa wakitazama nyuso tu, na hakuna aliyetazama katikati. Kweli picha zilikuwa zimeachana sana. Kati ya uso na uso palikuwa na buluu iliyoiva, imetawanyiwa masuke ya ngano na mayungiyungi madogo, kitambaa cha kutosha kuwa bitana ndani ya koti, mgongo na mikono, bila mkasi kumgusa mtu.

"Na uso wenyewe utakaa wapi?" Ndeshi akauliza.

Selestina akaingiza mkono ndani ya sweta lake, upande wa kushoto. "Hapa. Ndani. Hapa hakuna atakayemkalia."

Siku zilizofuata Ndeshi hakuuza vizuri, kwa sababu alishinda mlangoni akitazama. Alikuwa amekulia kwenye vitambaa. Mama yake aliuza vitambaa sokoni na yeye alijifunza kutembea akishika ncha za majora. Alidhani hakuna jipya la kuona. Lakini alimwona Selestina akikunjua turubai la hema, lile gumu, lililochujuka kwa jua na mvua za miaka, na badala ya kuuficha uzee wake akautafuta. Pale turubai lilipokuwa limekunjwa muda mrefu, rangi ya zamani ilibaki imekolea kama mstari wa rula. Mstari huo akaupangia mbele ya koti, ushuke wima kutoka kolani hadi pindoni. Matundu ya kamba yenye pete za shaba akayaweka kwenye mdomo wa mfuko, kifungo kikapata pa kupita. Viraka ambavyo wafanyakazi wa kambi walishona kwa sindano kubwa hakuvifumua. Alisema mtu mwingine alishafanya kazi yake hapo, haifai kumdharau.

Viwiko akavitia gabadini ya khaki. Kola akaishona kwa ncha za mashuka mekundu, akizipanga mistari ikakutana nyuma ya shingo bila kupishana hata kwa unyuzi. Sindano zilivunjika, akabadilisha, akaendelea. Uzi wa nje akaupitisha kwenye nta ya nyuki aliyoletewa kutoka Endabash, ili matone ya mvua yasipite kwenye mshono. Halafu akatia bitana. Alipomaliza alilitundika koti mlangoni, akarudi nyuma, akalitazama kwa muda, akasema ni zuri. Hakusubiri kuambiwa.

Kwa nje lilikuwa koti la mtu wa kazi, zito, lenye rangi ya udongo. Ukilifungua, buluu ilikumwagikia na ngano zake zote, na pale moyo unapopiga palikuwa na Antoni, mzima, na mtoto wake na ua lake. Ndeshi alisimama mbele yake. Vitu vyote vilivyomshinda, vilivyomjazia nafasi na kumtia aibu, vilikuwa pale mbele yake vimekuwa kitu kimoja, na kitu chenyewe kizuri kuliko chochote alichowahi kukileta kutoka Arusha kikiwa kipya. Macho yakamlowa, akasingizia moshi wa pasi ya mkaa.

Makoti yale hayakukaa. Godson, dereva wa watalii, kijana wa Marangu mwenye miwani ya jua hata kwenye ukungu, alinunua la kwanza na kulivaa hadi kwenye geti la hifadhi, na jioni yake madereva wenzake walikuwa mlangoni wakiuliza. Watalii wakayaona mabegani mwa madereva, wakashuka kwenye magari. Wenye maduka ya jirani, waliokuwa wakimcheka Ndeshi na majora yake, wakaanza kuulizana kimyakimya kama kambi ile bado ina maturubai. Siku ya mnada akaja Metui, mfugaji wa Kakesio, akalijaribu koti moja mbele ya kioo, akataka wekundu uongezwe mabegani. Alipolifunua akaona uso.

"Yeyo, mama, huyu ni nani?"

Selestina akamweleza kwamba huyu huombwa na watu waliopoteza kitu.

"Hata ndama?"

"Hata ndama."

Metui akafikiri, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja, akaondoka nalo akisema wekundu ataufuata siku nyingine.

Ndeshi angepaswa kufurahi, na alifurahi, sitaki kumsingizia. Lakini Jumapili moja, akifika dukani kutoka kanisani kwao, alimwona Lukresia ng'ambo ya barabara amejifunika kitenge juu ya sweta, baridi imemkunja. Lukresia alipunguza mwendo. Aliyatazama makoti yaliyotundikwa mlangoni mwa duka, akayatazama sana. Ndeshi akasimama, roho juu. Lukresia akainua mkono, habari za Jumapili Mama Angel, akaenda zake.

Mwaka ukageuka. Mwezi wa pili Godson akaja mbio, kofia kisogoni, akasema ameleta dili. Duka la zawadi la loji moja kule ukingoni linataka makoti yote yanayoweza kushonwa mpaka kitambaa kiishe, na litachukua mengine baada ya hapo. Sharti lao lilikuwa moja tu. Wageni wamependa ile picha ya ndani. Itolewe nje, ikae mgongoni, kubwa, ionekane mtu akitembea.

"Nimeshawaambia haina noma, mama," Godson akasema. "Wewe sema ndiyo tu."

Ndeshi akasema ndiyo. Tusimwonee. Alikuwa mjane mwenye duka, na Angel yuko sekondari, na ndiyo lilikuwa neno lililokuwa karibu. Barazani cherehani kikanyamaza.

Selestina hakugomba. Alisubiri Godson aondoke, akachukua koti moja ambalo halijauzwa, akachora mgongoni kwa chaki duara kubwa kama uso wa mtu, akamvisha Ndeshi. Akamletea kiti, akammiminia chai, akaketi naye. Wakazungumza habari za mvua na za lami mpya iliyokuwa ikijengwa. Ndeshi akanywa chai yake, akaegemea, akajinyoosha, akacheka kidogo, akaegemea tena. Chai ilipokwisha Selestina akamwambia ainuke, akamvua koti, akamwonyesha. Duara lilikuwa limefutika upande mmoja, na chaki yote iko kwenye mbao za kiti.

"Hapo ndipo uso wake ungekuwa," akasema. "Kwenye viti vya magari, siku nzima. Mimi nitashona ukiniambia, duka ni lako. Lakini usiniambie sijakuonyesha."

Ndeshi alikaa na koti mapajani. Alikuwa na jibu tayari, lilikuwa limeshafika ulimini: wageni hawajui, Mungu ataelewa. Akalisikia kabla halijatoka. Akalitambua. Lilikuwa neno lilelile, na sauti ileile ya kucheka, na safari hii Lukresia hakuwepo kulisikia lakini lingefika tu. Hapo ndipo alipoelewa walichokasirikia wanawake wale. Hawakumkasirikia kwa kukosea mtakatifu, kwa kuwa mtu yeyote hukosea asichokijua. Walikasirika kwa sababu alikichukua kitu walichokibeba kwa mikono miwili, akakitupa kwenye kapu la mambo madogo.

Akatoka na khanga yake mabegani, akamtafuta Godson mpaka akampata kwenye kituo cha mafuta, akamwambia dili limekufa. Koti likiwa na uso wa mtu yule, uso utakaa ndani, kifuani. Wakitaka hivyo karibu, wasipotaka waende kwa amani. Godson akavua miwani yake, jambo alilolifanya kwa nadra, akamwuliza kama anaumwa. Akamkumbusha kwamba yeye ni Mlutheri.

"Najua nilivyo," Ndeshi akasema. "Na koti najua lilivyo."

Godson hakuwa mbaya, ila mdomo wake haukuwa na breki. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameisimulia habari hiyo kwenye kituo cha mafuta, kwenye nyama choma, kwenye geti la hifadhi, akiitia chumvi kila mahali: Mama Angel, Mlutheri wa Machame, amekataa loji nzima kwa ajili ya mtakatifu wa Wakatoliki! Watu walicheka. Habari ikapanda na magari ya mahindi na maharage hadi Mbulumbulu.

Siku ya mnada Ndeshi alikuwa ameinama akipanga vifungo, akahisi kivuli kimesimama mlangoni na hakiendi. Akainua kichwa. Lukresia alikuwa ameshika mzigo wake wa maharage kwa mikono miwili.

"Nasikia umekataa kumtoa Antoni nje," akasema.

"Nimekataa, mwenyekiti."

"Kwa nini? Kwenu hana kazi."

Ndeshi alikuwa ameandaa maneno kwa karibu miaka miwili, mazuri, yenye mpangilio. Akayaacha yote.

"Kwenu anayo," akasema. "Niliwaambia mvae tu, Mungu ataelewa. Sikuwa na haki ya kumsemea Mungu, wala ya kuwacheka. Nisamehe."

Lukresia aliutua mzigo, akalishusha koti kwenye msumari, akalifunua, akautazama uso ule kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba tangu Jubilei alikuwa amemkasirikia na huyu pia, na kumbe hana kosa lolote, hakuomba kuletwa Karatu. Akapeleka mguu pembeni ya kaunta bila kutazama, akaivuta stuli kutoka mahali ilipokuwa siku zote, akaketi. Ndeshi akaenda kumimina chai.

Lukresia alikuja na jambo. Mei mosi ilikuwa inakaribia tena na kikundi hakijawahi kuwa na sare. Aliuliza kama makoti yale yanaweza kuwatosha wote. Ndeshi akasema ukweli: Antoni amebaki wa kuwatosha, lakini turubai limekwisha na ncha za mashuka ni za kola tu. Lukresia akasikitika, maana sare bila kitambaa kimoja ni sare gani?

Cherehani cha barazani kilikuwa kimenyamaza tangu alipoingia, na mwenye cherehani alikuwa akijifanya anatafuta sindano.

"Leteni mlichokaribia kukitupa," Selestina akasema kutoka huko nje. "Sare haitoki kwenye jora, inatoka kwenye mkono wa fundi. Na fundi mnaye."

Lukresia akatikisa kichwa kwa maringo yale ya fundi, kisha akatabasamu. "Haya. Yosefu mwenyewe alikuwa fundi, ataelewa."

Neno likakaa hewani. Wakatazamana, Lukresia na Ndeshi, na aliyeanza kucheka alikuwa Lukresia. Walicheka mpaka chai ikapoa.

Akina mama wakaleta. Katarina alileta kabuti la marehemu baba yake, lililoliwa na nondo mgongoni. Antonia akaleta blanketi la kijivu lililopungua upana kila mtoto alipozaliwa. Yakaja magunia ya ngano, suruali za khaki zilizochanika magotini, mapazia, hata turubai la mkokoteni. Mwingine akiyaona angetafuta kiberiti. Selestina aliyapanga barazani kwa uzito na kwa rangi, akayazunguka, akaimba, akawafukuza waliotaka kumshauri. Kila koti alilikata kwa vitu vya mwenyewe, ili mtu avae nyumba yake. Lakini mabega yote akayatia khaki, kola zote nyekundu, mshono wote wa nta, na ndani ya yote ile buluu ya ngano.

Ndeshi alisikia jina lake likiitwa kama wateja wengine. Akavishwa koti lililokatwa kwenye pazia la duka lake mwenyewe, lile la kwanza kabisa la dukani, alilolishona alipofika mjini. Lilimkaa sawasawa, naye hakuwahi kupimwa. Akashukuru, akasema atalivaa dukani, maana yeye si wa kikundi.

Mei mosi palikuwa na baridi kali na manyunyu. Ndeshi alifunga duka, akaenda na koti lake mwilini hadi kwenye geti la kanisa, awaone tu wakipita. Walikuwa wamejipanga uani, kikundi cha Mtakatifu Yosefu, na watu wa vikundi vingine walikuwa wameacha mistari yao kuja kuwatazama. Hakuna koti lililofanana na jingine na hakuna aliyeweza kutilia shaka kwamba ni sare moja. Mwanamke mmoja wa kikundi kingine alikuwa akimgeuza Katarina huku na huku akiuliza koti limetoka duka gani Nairobi. Pembeni Selestina alikuwa amesimama na Adrian wake, kidevu juu, akipokea macho ya watu kama mtu anayekusanya kilicho chake, na Ndeshi akaona kwamba ana haki nacho chote.

Kengele ikalia. Vikundi vikaanza kuingia. Kikundi cha Mtakatifu Yosefu hakikusogea. Lukresia, aliyekuwa mbele, alikuwa amegeuka anatafuta kitu kwa macho nyuma ya watu wake. Akatoka kwenye mstari. Akaja taratibu na magoti yake mabovu, akapita katikati ya madimbwi, mpaka getini.

"Mama Angel," akasema, "sare haisimami getini."

Ndeshi alifungua mdomo kumkumbusha kwamba yeye ni Mlutheri. Lukresia alikuwa ameshamshika mkono wa koti. Akamvuta hadi kwenye mstari, akamwingiza kati yake na Katarina, Katarina akasogea kumpa nafasi bila kusema neno, na mstari ukaanza kwenda.

Mlangoni palikuwa na msongamano, wakabanana mabega kwa mabega, khaki kwa khaki. Ndani wimbo ulikuwa umeshaanza. Ndeshi hakuujua, akaimba hivyohivyo.